Aliyeitikia Majina

Mchwa wa Kaloleni hawana dini. Mwaka wa 1979 waliingia katika kabati la kanisa letu wakaanza kula daftari la ubatizo, na Padre akanipa kazi ya kulinakili upya kabla halijawa vumbi. Mwandiko wangu ni mzuri, sijisifu bure. Nilifurahi kupewa kazi ile. Ningejua, ningewaacha mchwa washibe.

Kila jioni nilihakiki na Nthambi, mama yake Kiilu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mimi nasoma jina kwa sauti kutoka daftari kuukuu. Yeye analitafuta katika lile jipya, anatia alama, anasema, "Ndiyo." Tunaendelea.

Siku moja jua likizama, stima zikapotea. Nthambi akaenda dukani kununua mishumaa, nami nikasogea dirishani palipobaki mwanga. Punde nikasikia benchi la nyuma likilia. Nikajua amerudi. Sikugeuka, maana nilitaka tumalize ukurasa.

"Yosefu Gachanja."

"Ndiyo."

"Jecinta Warigia."

"Ndiyo."

"Petero Maingi."

"Ndiyo..."

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyefunikwa uso. Harufu ya gunia lililoloa ikanijia. Kisha mlango ukafunguliwa, Nthambi akaingia na mishumaa yake.

"Mama Wakiuru," akanong'ona, "unaongea na nani?"

Benchi lilikuwa tupu.

Gachanja alizikwa Alhamisi, Jecinta Ijumaa. Maingi, mchonga vinyago, alikutwa Jumapili amekufa, patasi ingali mkononi.

Nilimweleza Mzee Mbuthia, mpiga kengele wetu. Aliketi chini pale pale.

"Mwaka wa hamsini na nne," akasema, "askari wa mkoloni walitupanga mle kanisani. Kwenye benchi la nyuma aliketi mtu amevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Jina lako likisomwa, yeye akisema ndiyo, unapandishwa lori. Ndugu yangu alipandishwa. Hakurudi."

"Alikuwa nani, Baba?"

"Mmoja wetu. Hatukujua ni yupi. Usisome tena, mwanangu."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ukurasa mmoja ulibaki, wa 1963, na ndani yake mlikuwa na Wakiuru, binti yangu wa pekee. Niwaachie mchwa jina la mtoto wangu? Nikajidanganya kwamba nikinakili kimya hakutakuwa na wa kuitikia. Nikaenda peke yangu mchana kweupe. Kazi ikanichelewesha, jua likatua.

Kalamu ilipofika kwa Wakiuru, benchi likalia.

"Soma huyo..."

Nikalifunika jina kwa kiganja.

"Ni mtoto wangu," nikalia. "Ana miaka kumi na sita tu. Nihurumie."

Kisha gunia likakwaruza mbao. Alikuwa amesogea benchi moja mbele... na jingine... Harufu ikanijaa kooni.

"Basi nitajie mwingine."

Natamani kusema nilikataa. Natamani kusema nilitaja jina langu mwenyewe, maana lilikuwemo daftarini na hakuna aliyenizuia. Macho yangu yalishuka mstari mmoja tu. Watoto wale wawili walibatizwa siku moja.

"Daudi Kiilu," nikasema.

"Ndiyo."

Harufu ikaondoka. Nilibaki nimeketi gizani, nikijiuliza kama mtu yule wa hamsini na nne naye alikuwa na mtoto.

Kiilu aliamka na homa, akafa kabla ya jioni.

Nilikwenda kwenye matanga kwa sababu nisingeweza kukosa. Nthambi aliponiona aliwaacha dada zake, akanikumbatia mbele ya watu wote. Alikuwa ameishiwa na machozi. Nilitaka kumwambia. Mungu ananijua, nilifungua mdomo.

"Usiseme kitu," akaninong'oneza. "Anayechagua ni Mungu, Mama Wakiuru. Wewe mshukuru amekuachia wako."

Wakiuru alikuwa uani, akiwaoshea waombolezaji vikombe. Sikuweza kumtazama, na mpaka leo siwezi.