Poda ya Shakila

Kila asubuhi, kwao Mabanga, mtaa wa mji wa Goma, Nasiba alikuwa na kazi mbili: kuchota maji na kutafuta uongo wa kumpa mwalimu. Alioupenda zaidi ni huu: "Daftari yangu iliungua na volkano." Volkano ilikuwa imepita miaka mitatu, lakini yeye aliusema kwa uso wa msiba mpaka darasa zima linacheka.

Dada yake, Shakila, hakuwa na mizaha hiyo. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi katika chuo kidogo cha mtaani. Mama yao alikwisha kununua kopo la poda, maana Goma mutu akipata diploma, ndugu humumwagia poda kichwani mpaka anageuka mweupe kama muuza unga.

Siku moja Nasiba alimpelekea Shakila ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, chuoni. Akawakuta wanafunzi uani, wamemzunguka direkta, mkuu wa chuo.

"Hospitali imekataa kutupokea kwa mazoezi," alisema Donat, mwenzake Shakila. "Wanasema serikali haijui masomo yetu. Ruhusa ya serikali iko wapi, Direkta?"

"Ah, watoto wangu!" direkta akashusha pumzi. "Ilikuwa humu humu, ndani ya ofisi hii. Volkano ikaichoma. Na wakati wa uasi, njia zote zimefungwa, nani angefika Kinshasa kwa serikali kuomba ingine?"

Nani Goma hakuunguliwa na karatasi? Hata Shakila alimwonea huruma.

Nasiba peke yake alimkazia macho direkta. Uso ule wa msiba aliujua vizuri. Ni wake mwenyewe wa kila asubuhi! Akatazama chini. Ukuta wa ofisi ulikuwa umekaa juu ya lava, yale mawe meusi yaliyoachwa na volkano.

"Papa Direkta," akasema, "si lava ilipita kwanza, ndiyo mukajenga juu yake? Sasa ilichoma ofisi gani?"

"Weye mutoto, nyamaza!"

Lakini Donat alijipiga paji la uso. "Kweli! Kabla ya volkano hapa palikuwa shamba la maharage la shangazi yangu. Ofisi hapana, hata choo!"

Direkta akafuta jasho. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo kwamba ruhusa hakuwahi kuiomba.

Shakila alilia siku ile nzima. Kesho yake baba yao, Papa Hemedi, dereva wa lori, aliegesha gari, akaenda na wanafunzi wote kumshitaki direkta. Chuo kikafungwa. Chuo kingine, chenye ruhusa, kiliwapa mtihani. Shakila alishinda, ila akarudishwa mwaka wa pili.

Wiki ile mwalimu alipomuuliza Nasiba daftari, alijibu, "Sikuandika, Mwalimu. Nilikuwa nacheza." Akapewa adhabu ya kufagia darasa, akarudi nyumbani na vumbi hadi kwenye nyusi.

Aliposikia kisa, Papa Hemedi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamvuta karibu. "Nasiba, mama, tulimwamini direkta kwa sababu sisi volkano ilituchoma kweli. Mutu akifanya uongo kwa mateso ya wenzake, anawaumiza mara ya pili. Sema ukweli, hata kama utafagia. Na kabla ya kuamini, uliza, kama vile uliuliza."

Shakila akafungua kopo, akampaka mudogo wake poda kidogo puani.

"Hii ni yako," akasema. "Ingine yote ifungwe. Inangoja diploma ya kweli."