Jicho Lililosafishwa Kwenye Picha

Kinasasura kilielea juu ya mkeka kama nyuki asiye na sauti, kikimpiga picha mtoto Zulekha akila uji. Siku hizo kila nyumba mjini Tanga ilikuwa nacho. Hakikunasa sura tu, kiliisafisha: kamasi kilifuta, vipele kilifuta, na mtoto aliyefumba macho kilimfumbua. Sikudhani, mama yake Zulekha, akazituma picha kwa ukoo mzima.

Wifi yake Mwajabu, mwenye mimba changa, alikuja kumwona mtoto mwenyewe. Akampakata mlangoni penye mwanga.

"Wifi, mbona jicho lake la kushoto linameta weupe? Kama la paka."

"Sema mashallah kwanza."

"Mashallah. Lakini linameta. Mpeleke kliniki, kile kipimamboni kinamulika macho ya watoto bure, wala hakiumizi."

"Picha zote nilizokutumia hukuziona? Macho safi kama maji ya dafu! Ngoja wako azaliwe, umkague huyo."

Akamnyang'anya mtoto, akaenda kumfukizia ubani, husuda isimpate.

Hakumpeleka popote mpaka jicho lilipoanza kwenda upande. Huko kliniki, kipimamboni kilimulika mara moja tu, kikawaka taa nyekundu. Daktari hakuzungusha maneno.

"Kuna uvimbe ndani, mama. Ni saratani, na ule weupe ndio dalili yake. Itabidi jicho tulitoe ili mtoto abaki hai. La pili ni zima."

"Lakini daktari, kwenye picha hakuna kitu!"

"Kinasasura kimefundishwa kwamba mboni ni nyeusi. Kikiona weupe, kinadhani ni uchafu, kinaufuta."

Sikudhani akauliza kama angewahi ingekuwaje. Daktari akasema pengine wangeliokoa jicho.

Jicho lilitolewa, na Zulekha akapona. Siku waliyorudi nyumbani, hakuna aliyekumbuka kukizima kinasasura, nacho kikampiga mtoto picha kama kawaida yake. Sikudhani akaitazama. Bandeji ya jicho haikuwepo. Mtoto alikuwa na macho mawili, yote meusi, yote safi.

Akakizima, akakifungia kabatini.

Mwajabu alipojifungua, Sikudhani alifika hata chai haijachemka.

"Wifi, nisogezee huyo hapa kwenye mwanga."

"Sema mashallah kwanza," Mwajabu akamtania, kisha akajuta, akashika mdomo.

"Mashallah," Sikudhani akasema. Akainama, akatazama jicho moja, akatazama la pili, akarudia tena.

"Mimi sioni kitu. Lakini ni mimi niliyesema macho ya Zulekha ni safi. Akitimiza siku za kutoka nje, tunampeleka kliniki. Ukichoka, nitambeba mimi."