Miaka ya Mpira

Siku ya mechi, nje ya geti la uwanja hapapitiki. Fundi jezi, dada wa gauni la njano na mdomo usioisha utani, alikuwa akibandika namba kwa pasi ya moto huku mashabiki wakimpigia kelele. Kijana mmoja akapenya mpaka mbele.

"Dada, saba yangu imebanduka. Niwahishe."

"Kaa foleni, kaka. Kwani wewe ndiye unayecheza?"

"Ndiye mimi."

Watu wakacheka, kisha wakamtambua. Dogo! Winga wa miaka kumi na tisa, gumzo la mji mzima! Na klabu yenyewe, aibu tupu, ilikuwa na seti moja tu ya jezi. Fundi akaharakisha, saba ikakaa upande. Dogo akaivaa hivyo hivyo, akafunga bao, jioni akampigia Fundi kwa namba ya simu iliyoandikwa kibandani pake.

"Mpenzi, saba yako ina bahati."

"Mpenzi wako nani? Mimi nina ishirini na nne, mdogo wangu wewe!"

"Basi nilee."

Penzi likakolea. Fundi akampeleka kwa mama yake, na mama akamvuta binti yake jikoni.

"Mwanangu, huyo mtoto mbona ana upara?"

Wakacheka mpaka machozi. Lakini kila Fundi alipogusia ndoa, Dogo alibadilisha mazungumzo. Siku moja simu yake ikalia akiwa anaoga, Fundi akapokea.

"Mimi mke wake," sauti ya kike ikasema, na ikataja jina la Dogo mpaka la ukoo.

Fundi akakata, akaondoka, akamzimia simu. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Dogo akamfuata kibandani na jasho la mazoezi.

"Mpenzi, yule ni shemeji yangu! Mke wa mdogo wangu."

"Na jina lako linafanya nini mdomoni mwake?"

"Si langu. Ni la mdogo wangu. Mimi nina ishirini na saba. Wakala alisema wa umri huo hauziki, nikachukua vyeti vya mdogo wangu. Yeye naye juzi kaoa kihalali kwa jina hilo hilo. Kwa hiyo kwenye karatasi aliyeoa ni mimi, na wakala kamfundisha shemeji aseme ni mke wangu."

Fundi akacheka, akamkumbatia palepale mbele za watu.

"Mjinga wewe! Umenitesa bure. Basi tuoane kwa jina lako."

Dogo akainamisha kichwa.

"Nikilitumia nafungiwa, na nyumbani wote wanakula kwa mguu huu. Klabu ya ng'ambo imenichukua. Wametoa tiketi mbili, yangu na ya mke."

"Mke yupi?"

"Shemeji. Ni kwa macho ya watu tu, mpenzi."

Kocha anajua. Katibu anajua. Mwenyekiti anajua, na fungu lake keshakula. Wasiojua ni mashabiki tu, wanaokauka koo kwa kumshangilia "mtoto".

"Nisubiri. Miaka mitatu tu."

"Mitatu yako, au ya mdogo wako?"

Dogo akanyoosha mkono kumshika.

"Miaka yangu mimi ni ya kweli," Fundi akasema, machozi yakimtiririka. "Ikipita imepita. Hakuna wakala wa kunirudishia. Nenda."

Jumapili gazeti likatoa picha yao wakipanda ndege, Dogo na shemeji yake, wameshikana mikono kama walivyoelekezwa.