Unga wa Chini ya Chupa

Siku waliyokutana, foleni ya ndoo kwenye bomba la soko ilikuwa imeshafika kwa wauza viatu, na aliyeizuia ni mwanamke mmoja tu. Alivaa koti jeupe la maabara juu ya gauni la njano, na alikuwa anaunguza mdomo wa bomba kwa kiberiti cha gesi. Akimaliza kuunguza anafungulia maji yakimbie bure. Watu walisonya. Mama mmoja alitaka kujua kama siku hizi serikali inalipa watu mshahara wa kumwaga maji. Aliyekuwa mbele kabisa, fundi bomba mwenye ovaroli ya bluu yenye viraka vya magoti, alimtazama mpaka akashindwa kunyamaza.

"Dada, hilo bomba likiiva utatuita tule?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mpimaji, maana ndiyo kazi yake na ndivyo walivyomwita ofisini, hakucheka. Alijaza chupa yake, akaifunga, akaitia kwenye boksi la barafu, ndipo akamgeukia. Akamwambia mdomo wa bomba umeshikwa na mikono ya kila namna, na yeye anatafuta wadudu waliomo kwenye maji, si wa kwenye mikono ya watu kama yeye. Fundi akaitazama mikono yake, grisi mpaka viwikoni, akaifuta kwenye ovaroli. Kisha akambebea boksi mpaka kwenye gari bila kuombwa, na nafasi yake kwenye foleni ikaliwa. Jioni ile Fundi alikuwa na namba yake ya simu. Mwanamume anayeacha foleni ya maji kwa ajili yako si wa kuchezea, na Mpimaji hakumchezea.

Wakapendana kwa kelele. Fundi alikuwa anapiga simu akiwa juu ya paa, chini ya sinki, ndani ya mtaro, popote. Alimwita daktari wa maji. Alimuuliza kama leo ameona wadudu wazuri kuliko yeye. Mpimaji alijibu kwamba wale wa kwenye darubini angalau wanaoga. Haukupita muda Fundi akampeleka kwa mama yake, mjane mwenye miguu mibaya na ulimi mzuri, ambaye aliishi naye katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Bibi yule alimkagua kuanzia viatu hadi kichwani, akamwambia mwanawe kwamba huyu akimpoteza asirudi nyumbani. Tangu hapo akamwita mkwe. Ikabaki kupanga siku ya harusi.

Sasa kazini kwa Mpimaji, kwenye maabara ya mamlaka ya maji, kulikuwa na vita vya miaka. Mamlaka ya maji ilipima maji yake na kusema ni safi. Ofisi ya afya ilipima maji yale yale na kusema ni machafu. Kamati za mitaa, za watu wanaoyanywa, hazikuambiwa lolote na upande wowote. Mpimaji ndiye aliyezunguka ofisi hadi ofisi mpaka pande zote tatu zikakubaliana: wananchi wachote sampuli mtaani kwao, maabara moja ipime, ofisi zote mbili zitie saini, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa mtaa. Aliyepinga mpaka mwisho ni Bwana Afya, mkuu wa ofisi ya afya, mzee wa tai na dharau. Alisema mtu wa mtaani hawezi kuaminiwa kushika chupa. Mpimaji akajibu mbele ya mkutano kwamba yuko mmoja anayemwamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Fundi akawa mchotaji wa kwanza, wa mtaa wao.

Mpimaji alimfundisha mwenyewe, nyumbani mezani kwake, chupa zimepangwa mbele yao. Chupa kubwa ni ya chumvi na madini. Hiyo unaisuuza mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kujaza. Fundi alisuuza chupa ya kufundishia kwa mbwembwe, akaipa jina, akaibembeleza kama mtoto mchanga. Mpimaji akacheka mpaka machozi. Akamfuta maji kidevuni, na kutoka hapo somo likahamia kwenye mambo mengine. Chupa ndogo, ya wadudu, ilibaki mezani haijaguswa. Kila mmoja aliamka asubuhi akiamini kwamba mafunzo yamekamilika.

Haikuchukua muda, bomba kuu la mtaa wa Fundi likapasuka penye mtaro wa maji taka. Likazibwa, mamlaka ikamwaga klorini, dawa ya kuua wadudu, kwenye tangi, na watu wakaambiwa wachemshe kila tone mpaka majibu yatoke. Mama yake Fundi alichemsha, akilalamika moshi, akilalamika miguu, lakini alichemsha. Fundi akachota sampuli zake za kwanza, akazifikisha maabara kwenye boksi la barafu, na jioni akapiga simu amejaa fahari.

"Mpenzi, ungeniona leo ungenivua ovaroli ukanivika koti lako. Ila zile chupa ndogo mnaziweka wapi, kwenye ghala la saruji? Zilikuwa na unga chini. Nimezisuuza mara tatu zote, zimeng'aa."

Mpimaji, aliyekuwa anakunja nguo, akakaa kitandani.

Ule unga ndio kazi yenyewe. Maji ya bomba yana klorini, na unga unaizima pale pale yanapoingia kwenye chupa, ili wadudu wafike maabara kama walivyotoka bombani. Ukiusuuza, klorini inaendelea kuwaua njiani, na maabara inapima maji masafi ambayo hakuna binadamu aliyeyanywa.

"Upo?" Fundi aliuliza.

"Nipo."

"Nimekosea?"

Hapo ndipo ilipotakiwa kusemwa, na ilikuwa sentensi moja tu. Lakini kichwani mwake Mpimaji alimwona Bwana Afya akitabasamu mbele ya kikao. Aliona sampuli za kwanza kabisa za wananchi zikimwagwa, na mchotaji ni yule yule ambaye yeye alimsifu hadharani. Alijua pia nani hakumfundisha, na kwa nini. Bomba limezibwa, dawa imemwagwa, maji yatakuwa salama tu, alijiambia. Mwezi ujao nitamrekebisha taratibu. Wanasema mapenzi ni upofu. Haya yalikuwa na macho mazima, yakafumbwa.

"Hujakosea, mume wangu," alisema. "Umefanya vizuri."

Majibu yakatoka: hakuna wadudu. Mpimaji akatia saini, wakubwa wakatia saini, karatasi ikabandikwa. Fundi alikwenda mwenyewe jikoni kwa mama yake, akamzimia jiko. Akamwambia apumzishe miguu, mkwe wake amepima. Bibi akasema alijua tu kwamba mtoto yule atawafaa, akajichotea kikombe hapo hapo bombani.

Kiraka cha bomba kilikuwa kinavuja chini kwa chini, maji taka yakiingia. Mtaa mzima ukaharisha. Walio na nguvu waliugua wakapona. Mama yake Fundi hakuwa na nguvu. Alifia kwenye korido ya hospitali, dripu ikiwa bado inadondoka, mwanawe akiwa ameshika chupa yake juu kwa sababu stendi zilikuwa zimekwisha.

Msibani Mpimaji alifika amejitanda nguo nyeusi. Fundi hakumpa mkono. Alimwambia kwa sauti ya chini, mbele ya shangazi zake, kwamba wamepika majibu ili wakubwa wao walale vizuri, na kwamba asimpigie tena simu. Mpimaji akaondoka bila kujitetea. Usiku na mchana alijisifu kwa jambo hilo moja: achukiwe yeye, ilimradi yule asijue ni mkono gani uliosuuza chupa. Alidhani hiyo ni huruma. Labda ilikuwa huruma, lakini ilikuwa imechelewa, na bado alikuwa anamtaka yule mwanamume kiasi cha kuugua.

Kikao cha pande tatu kikaitishwa. Ukumbi ulijaa, wafiwa mbele. Bwana Afya alisema maabara imefoji. Meneja wa mamlaka, aliyekuwa akimwita binti yangu, alisema aliyetia saini ajieleze mwenyewe. Mpimaji akabaki ameketi, akiitazama saini yake. Kisha Fundi akasimama, amekonda, shati limemlegea shingoni.

"Mimi sina elimu ya kubishana," alisema. "Ninachojua, huyu mwanamke alikula kwa mama yangu, halafu akamuua kwa kalamu."

Angeitwa kitu kingine chochote angevumilia. Hilo, kutoka kwenye mdomo ule, hakuweza. Akajikuta amesimama.

"Sikumuua. Sikupika majibu. Chupa zilisuuzwa! Unga wa ndani ya chupa ulimwagwa kabla ya kuchota, ndiyo maana wadudu hawakuonekana. Muulizeni aliyechota."

Akaeleza yote, mpaka la klorini, kwa maneno mepesi, vizuri kama mwalimu. Alipomaliza ndipo alipomwona. Fundi alikuwa anaiangalia mikono yake, kiganja, halafu nyuma ya kiganja. Shangazi mmoja akaanza kulia. Bwana Afya mwenyewe aliinamisha kichwa.

Fundi alipoinua uso hakuwa na hasira.

"Nilikupigia siku ile ile," alisema. "Nilikuambia nimezisuuza."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza kama nimekosea."

Mpimaji akakaa tena kwenye kiti chake.

"Bomba liko mlangoni kwetu," Fundi alisema. "Ningechota tena."

Akaokota kofia yake, akatoka, na wafiwa wakamfuata mmoja mmoja.

Kazi hakufukuzwa. Kosa liliandikwa kuwa upungufu wa mafunzo, na kwa kuwa alikuwa amelieleza vizuri, akapewa kazi ya kufundisha wachotaji wa mji mzima. Alimtafuta Fundi. Alikwenda nyuma ya karakana, akaambiwa na seremala kwamba yumo ndani lakini hatoki. Alituma ujumbe mrefu wa kuomba radhi, wa kupiga magoti, wa kukumbusha ahadi. Haukujibiwa. Akakonda naye, gauni la njano likamkaa kama la kuazima.

Mwezi uliofuata, akiwa maabara, simu yake ikaita, na jina lililotokea likamfanya aangushe koleo la kushikia chupa. Alikimbilia koridoni, akapokea kwa mikono miwili.

"Mpenzi," alisema. "Mpenzi wangu, asante umepiga."

Upande wa pili palikuwa na upepo. Huenda alikuwa juu ya paa la mtu.

"Utaratibu unasema mchotaji apige kuthibitisha," Fundi alisema. "Sampuli za mtaa wetu zimefika?"

"Zimefika."

"Ndogo zina unga?"

Zilikuwa nao. Alikuwa amezichunguza mwenyewe asubuhi, na klorini yote ilikuwa imezimwa. Zilichotwa sawasawa, hazina dosari. Akamwambia. Akamwambia pia kwamba hali chakula, kwamba halali usiku, kwamba yuko tayari kwa adhabu yoyote atakayompa.

"Sawa, dada," alisema Fundi. "Mwezi ujao nitapiga tena."