Chai ya Saa Nne

Linet Jepchumba alianguka sokoni saa saba mchana, siku ya Jumatano, akiwa na rinda jeupe alilokuwa amelipiga pasi mara mbili. Kilichomwangusha ni jani la kabeji. Jani hilo lilikuwa limelala hapo siku tisa pamoja na jamaa zake, kwa sababu wafagiaji wa kaunti walikuwa katika mgomo baridi. Asubuhi walifika kazini, wakashika fagio, wakaegemea ukuta, wakapiga gumzo mpaka jioni. Nzi wa Eldoret hawajawahi kuwa na msimu mzuri kama ule.

"Pole, mrembo," sauti ikasema juu yake. "Nipe mkono. Siyo huo, huo uko na nyanya."

Aliyemwinua alikuwa mwanamume mrefu, shati la samawati, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, viatu vinang'aa kuliko inavyofaa kwenye uchafu kama ule. Jepchumba aliviona viatu kwanza, halafu meno. Vyote vilikuwa sawa, na hilo likamzidishia hasira.

"Huyo katibu wa chama aliyeanzisha huu mgomo, siku nikimpata nitamkalisha hapa hapa kwenye hii kabeji!"

"Ni mtu mbaya sana," mwanamume akakubali. "Hata mama yake analalamika."

"Kwani unamjua?"

"Tunalala chumba kimoja."

"Basi mwambie Linet amesema hana adabu."

"Nitamwambia leo leo. Nipe namba ya simu nikuletee jibu lake."

Mwanamke aliyesimama huwa na akili zake zote. Huyu alikuwa bado anainuka. Akatoa namba. Mwanamume akasema anaitwa Byron, akamfuta mgongo kwa gazeti, akaenda zake.

Simu zilianza jioni hiyo hiyo.

"Katibu anasema pole. Anauliza rinda limetoka madoa?"

"Mwambie halijatoka."

"Anasema atakununulia lingine."

"Mwambie mimi sipokei nguo za watu wa migomo. Wewe je, Byron, unafanya kazi gani?"

"Mimi? Mimi huongea na watu."

"Hiyo ni kazi?"

"Si naongea na wewe? Na ona vile nimetoka jasho."

Jumapili walikuwa wameshakunywa soda pamoja mara mbili, na Jepchumba alikuwa ameshaanza kusuka nywele katikati ya wiki, jambo ambalo mama yake angelielewa mara moja.

Jumatatu aliingia chumba cha mikutano na daftari lake. Yeye ndiye karani wa ofisi ya wafanyakazi ya kaunti, na kazi yake siku za mazungumzo ni kuandika kumbukumbu. Pande zote mbili hutia sahihi, na kisichokuwa kwenye kumbukumbu hakikusemwa. Upande wa kaunti alikuwa bosi wake, Mzee Kiplimo, mtu wa Sugoi, mpole, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Upande wa chama wakaingia watu tisa, na wa mbele alikuwa na suti ya kijivu na viatu vile vile.

"Byron Mabonga," akajitambulisha, "katibu wa tawi."

Alipopita karibu naye akanong'ona, "Katibu amepata salamu zako."

"Mwongo wewe," Jepchumba akanong'ona, akainamia daftari ili cheko lisionekane.

Jambo lililowaleta halikuwa la kuchekesha. Wafagiaji mia moja na kumi na wawili walikuwa vibarua, wengine kwa miaka kumi na moja, bila likizo, bila bima, bila hata gambuti za msimu wa mvua. Mikataba yao midogo ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Walitaka barua za kazi ya kudumu. Wakizikosa, fagio zitapewa watu wengine.

Sasa, ofisi ile ilikuwa na desturi yake tangu enzi za manispaa. Saa nne kamili chai iliingia, ya maziwa mazito, pamoja na mandazi. Chai ikiingia, kalamu inalala. Watu wanaongea kama watu, na hakuna anayeandika. Haikuandikwa popote, na kila mtu aliijua. Kila mtu ila Mabonga, aliyekuwa na wiki sita tu katika kile kiti.

Siku hiyo Mzee Kiplimo alikunywa kikombe cha kwanza, akalegea, akasema, "Hawa wa miaka mitatu kwenda juu, wacha tuwape barua. Ni haki yao."

Mabonga alipaliwa na chai kwa furaha. Jepchumba alisikia kila neno. Mkononi alikuwa na andazi, na kalamu ilikuwa mezani.

Jioni simu ikaja. "Mpenzi, umesikia? Tumeshinda!"

"Ngoja kumbukumbu, Byron."

"Kumbukumbu za nini? Si mzee amesema?"

"Nimekwambia ngoja."

Alitaka kuongeza neno. Lakini yeye alikuwa wa upande wa mwajiri, na siri za ofisi ni za ofisi. Tena Mabonga alikuwa ameanza kumwita kipenzi kwa sauti ile ya chini, na mtu hukosa nafasi ya kukatiza.

Alhamisi kumbukumbu zikasomwa. Barua hazikuwemo.

"Hapo umeruka," Mabonga akasema.

"Sijaruka kitu," Jepchumba akajibu.

"Mzee, si ulisema mwenyewe?"

Mzee Kiplimo akatazama karatasi kwa huruma. "Kijana wangu, nionyeshe ni ukurasa wa ngapi."

Mabonga alimtazama Jepchumba kama mtu aliyeibiwa na jirani. Saa sita alikuwa sokoni na kipaza sauti. "Ahadi yenu imefutwa! Imefutwa na karani, msichana wa sura nzuri na roho mbaya!"

Jioni Jepchumba alipopita kununua vitunguu, wafagiaji walikuwa wameshamtungia wimbo. Karani, karani, rudisha barua yetu. Chebet, mama wa miaka kumi na moja kwenye fagio, alisimama kuimba ili sauti ifike vizuri. Jepchumba alinunua vitunguu vyake, akalipa, akaondoka bila kukimbia. Vitunguu alivisahau kwenye meza ya muuzaji.

Kesho yake simu iliita mara sita. Ya saba akashika.

"Linet, nisamehe. Mzee Wepukhulu, yule wa chama chetu, ameniambia mambo ya chai. Amecheka mpaka akashika ukuta."

"Si alikuwa ameketi na wewe? Mbona hakukwambia siku hiyo?"

"Ati alidhani najua. Na mandazi yalikuwa moto."

Jepchumba akahamishia simu sikio la pili.

"Kipenzi, nimekosa."

"Ulinitukana kwa kipaza sauti, unaniomba msamaha kwa simu?"

Mabonga akasema polepole, "Nikisimama mbele yao niseme nilikosea, watanitoa. Mkutano wa mwisho ni Jumanne. Wacha upite kwanza."

"Mimi sina haraka. Wewe ndiye umepiga." Akakata.

Jumamosi alikuwa nyuma ya rundo la mitumba, akijaribu sweta, kipaza sauti kikalia. Hakujua kama Mabonga angekuja, na Mabonga hakujua kama yeye yupo.

"Karani hakufuta kitu!" sauti ikasema. "Mjinga ni mimi. Pale ofisini chai ikiingia hakuna kinachoandikwa, na mzee aliahidi wakati wa chai. Nilimsingizia mtu. Linet Jepchumba, nisamehe, popote ulipo."

"Katibu wa mandazi!" mtu akapaza sauti. Soko likaangua kicheko.

"Atoke! Tuchague mwingine!"

Mabonga alisimama pale na suti yake, mabega yameshuka, lakini hakushusha kipaza sauti wala hakukimbia. Ndipo Chebet akapanda juu ya mkokoteni.

"Nyamazeni, nyinyi! Kwani hiyo chai ni dawa? Ikija, msinywe!"

Kicheko kikakatika. Watu wakatazamana. Jepchumba akalipa sweta, likiwa limembana kwapani, akaenda nyumbani. Hakupiga simu siku hiyo, wala Jumapili. Kuna mwanamume humfaa kukaangwa kidogo kabla ya kuiva.

Jumanne, saa nne kamili, chai ikaingia. Watu tisa wa chama wakaweka mikono magotini. Mvuke ukapanda. Mzee Wepukhulu aliyatazama mandazi kama mtu anayemsindikiza ndugu uwanja wa ndege.

Mzee Kiplimo akainua kikombe, akaona, akakishusha. Kwao hakuna mtu anayekunywa huku wageni wake wana vikombe vimejaa.

"Kunyweni, wazee."

"Asante, Mzee, tuko sawa," Mabonga akasema. "Tulikuwa kwenye zile barua."

"Chai itapoa."

"Wacha ipoe, Mzee. Barua je?"

Jepchumba aliona kalamu yake imelala juu ya daftari. Kazi ile aliipata baada ya kuzunguka na vyeti miaka mitatu. Akainua kichwa.

"Samahani, Mzee. Chai imeingia, lakini haijanywewa. Niandike, ama nisiandike?"

Hakuna karani aliyewahi kuuliza. Kusema asiandike ni kukiri mbele ya watu tisa kwamba kuna maneno ya kufichwa. Mzee Kiplimo alimtazama kwa muda mrefu, bila huruma safari hii.

"Andika," akasema. Kisha, neno moja moja, "Waliofanya kazi miaka mitatu kwenda juu, wapewe barua."

Akaandika. Wakatia sahihi hapo hapo. Ndipo wakanywa ile chai, baridi, na utando juu, na Mzee Wepukhulu akala mandazi matano.

Barua zilitoka kabla ya mwisho wa mwezi. Gambuti pia zilitoka, zote za saizi moja, kubwa. Na Jepchumba alipata barua yake, ya heshima sana, kumhamisha kwenda ofisi ya wadi kule Moiben kuanzia Jumatatu.

Mabonga alimkuta getini Ijumaa mchana, amevaa rinda la kijani, sanduku la vitu vya mezani mkononi.

"Hii haiwezekani! Kesho tunafunga soko lote!"

"Wacha. Huko Moiben kuna maziwa na hakuna kelele zako."

"Ni makosa yangu, Linet."

"Kalamu ilikuwa yangu. Nilijua yatakayonipata nikiuliza."

Mabonga akachukua sanduku. Akasafisha koo, akasimama wima kama yuko mkutanoni. "Linet, sisi tumeketi, tukalitazama jambo hili kwa undani, na tunaomba..."

"Sisi nani?"

"Mimi."

"Basi ongea wewe."

Jasho likamtoka. "Mimi nataka kukuoa."

Jepchumba alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, hakuharakisha. "Kesho nahama. Kitanda changu kimekataa kupita mlangoni, mafundi wawili wameshindwa. Ukikitoa bila kuvunja fremu ya watu, nitampigia baba."

Mabonga alifika saa moja asubuhi na pikapu ya kuazima, Mzee Wepukhulu, Chebet, na wafagiaji sita. Walibishana nusu saa ni mguu upi utangulie. Kitanda kikatoka.

Walipofika barabara ya Moiben, Jepchumba akatoa simu.

"Baba, Jumapili ijayo kuna wageni huko nyumbani Kesses."

"Wangapi?"

Akageuka akawatazama kule nyuma, wamekaa juu ya godoro lake, bado wanabishana.

"Ni wengi."

"Wanataka nini?"

"Wananitaka mimi," akasema. "Na uwaite wajomba mapema, Baba. Hawa watu hawaondoki mezani bila sahihi."