Dakika Arobaini hadi Hoteli ya Zamani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere na bibi yake walikunja mashuka ya zahanati. Bibi alikuwa dobi tangu ujana wake. Kila mmoja alishika ncha mbili, wakavuta, wakakutana katikati, na ole wake atakayeacha kunyanzi. Jina la Kiherehere alipewa na wenzake wa darasa la sita, na hakuna aliyeweza kusema kwamba walimwonea. Mwalimu alikuwa hajamaliza kuuliza swali, mkono wa Kiherehere uko juu.

Kwa hiyo mwalimu wa jiografia alipotangaza kwamba darasa litapanda mlima ulio kando ya ziwa, hadi kwenye hoteli kubwa iliyoachwa miaka mingi, kila mtu alijua nani atajitolea kupanga safari.

"Haya," mwalimu alimwambia. "Jumamosi nenda na mtu mzima, mpande hadi hotelini. Niletee mambo matatu: tutatumia muda gani, maji tutayapata wapi, na wapi pana hatari. Bila karatasi hiyo, mwalimu mkuu hatoi ruhusa."

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Kiherehere alichungulia dirishani, akauona mlima umefunikwa na ukungu, akarudi kitandani. Mvua ilikatika mapema, lakini yeye alikwenda kuruka kamba na wenzake. Jumapili jioni ndipo alipoikumbuka kazi yake. Alifungua sanduku la Bibi, mlimokuwa na kijitabu cha zamani cha hoteli chenye picha za wageni waliovaa kofia pana. Kilikuwa kimeandikwa: "Kutoka ufukweni hadi hotelini, dakika arobaini. Maji safi ya kunywa yapo bustanini wakati wote."

Akanakili yote kwa mwandiko mzuri na kupiga mistari kwa rula. Kwenye sehemu ya hatari aliandika "Hakuna."

"Kazi safi," mwalimu alisema Jumatatu. "Mlipanda wenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mimi na bibi yangu."

Uongo ulimtoka kirahisi hata yeye mwenyewe akashangaa. Siku hiyo hiyo barua zilipelekwa kwa wazazi: kila mtoto aje na chupa moja ndogo ya maji, wataijaza tena juu. Kesho yake jirani yake wa dawati, msichana mpole mwenye pumu ambaye hakuwahi kwenda safari yoyote ya shule, alimkumbatia mlangoni.

"Mama amekubali! Kasema dakika arobaini hata mimi naziweza, na maji yapo huko huko. Asante, rafiki yangu!"

Alhamisi asubuhi, shuka likiwa mikononi, Kiherehere aliuliza kama utani, "Bibi, hivi wageni wa hotelini walikuwa na nguvu kiasi gani? Dakika arobaini tu, wamefika!"

Bibi alicheka hadi shuka likamponyoka. "Nguvu gani, mjukuu wangu? Walipandishwa na gari la hoteli! Barabara yenyewe ilishaporomoka. Sisi wafuaji wa hoteli ndio tuliopanda kwa miguu, zaidi ya saa mbili, unafika umechoka na kazi bado hujaianza."

"Na maji ya bustanini?"

"Pampu iliyavuta kutoka ziwani. Hoteli ilipofungwa, pampu ikang'olewa. Mbona unauliza?"

"Basi tu, Bibi."

Njiani kwenda shule alitembea polepole. Angeweza kunyamaza. Angeweza hata kufuta namba na kuandika nyingine, lakini barua zilishafika majumbani. Alimfikiria rafiki yake katikati ya mlima, jua kali, chupa tupu, kifua kinabana. Aliogopa sana. Akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya walimu.

"Mwalimu, sikupanda mlima," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilinakili kijitabu cha hoteli. Dakika arobaini ni za gari. Na maji hakuna."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Watoto thelathini na wanane," alisema taratibu, "na chupa moja moja." Hakugomba, na Kiherehere alitamani agombezwe. "Safari ya keshokutwa imeahirishwa kwa wiki moja. Darasa utaliambia wewe."

Aliliambia. Wapo waliozomea, wapo waliosema amewaponza. Rafiki yake aliinamisha kichwa tu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nyumbani Bibi alisikiliza habari yote mikono kiunoni. "Kumbe wiki iliyopita nilipanda mlima na sina habari! Ndiyo maana magoti yananiuma." Kisha akaacha mzaha. "Jumamosi tunapanda kweli."

Walipanda watatu: yeye, Bibi na mwalimu. Walitumia saa mbili na dakika arobaini, pamoja na kupumzika. Daraja la mbao lilikuwa limeoza katikati, wakatafuta pa kuvukia kijito chini yake, penye mawe makubwa. Hotelini, paa la ukumbi wa kuchezea dansi lilikuwa limeanguka na bwawa la kuogelea limejaa nyasi. Kiherehere alifungua bomba la bustanini. Likatoa vumbi. Bibi aliwaonyesha chumba cha kufulia, akashika ukingo wa karo la saruji. "Nimefua hapa miaka kumi na moja," alisema. Kiherehere aliandika kila kitu, karatasi ikachafuka kwa tope.

Jioni hiyo alikwenda kwa akina rafiki yake na karatasi ile ile.

"Shikamoo, mama. Safari ni ndefu, si kama nilivyoandika. Ila tutapumzika kila nusu saa, kila mtu atabeba maji lita mbili, na mwalimu atatembea nyuma pamoja na wale wa polepole."

"Haya umeyaona kwa macho yako?" mama aliuliza.

"Nimeyaona, mama. Niulize lolote."

Mama aliuliza mengi: kivuli kiko wapi, mteremko mkali uko wapi, mtoto akibanwa kifua watarudi kwa njia gani. Yote yakajibiwa. Mwishowe akasema, "Atakwenda. Dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, si kwenye begi."

Wiki iliyofuata darasa zima lilikaa kwenye ngazi za hoteli ya zamani, likitazama ziwa huko chini. Rafiki wa Kiherehere alifika wa mwisho, anahema, uso umejaa jasho na furaha, na wote wakampigia makofi.

"Mwalimu," mmoja aliuliza, akionyesha juu, "kutoka hapa hadi kileleni ni muda gani?"

Darasa zima likamgeukia Kiherehere. Yeye akautazama mlima.

"Sijui," alisema. "Sijafika."

Mwalimu alitabasamu. "Mmesikia? Kijitabu kile kilisema kweli, ila ni kweli ya watu waliopanda gari. Uongo ulianza mtu aliposema amefika mahali ambapo miguu yake haikufika. Anayewaongoza wenzake hatakiwi kuwa na jibu la kila swali. Anatakiwa kuwa mkweli, kwa sababu maisha yenu yako mikononi mwake."

Rafiki yake alimshika mkono. "Basi siku tukienda kileleni," alisema, "panga wewe."