Ndoo ya Mwisho Kisimani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dhoruba ilipotulia, bahari ilikuwa imekomba mchanga mwishoni mwa ufuo na kuacha wazi visiki vya nguzo za nyumba, vyeusi tii. Kiranja wa darasa la sita alivunja kipande kimoja, akakitia mfukoni, kisha akaenda kusimamia foleni ya kisima.

Kisimani watoto wa nyumba za kwanza, yaani za ukoo ulioanzisha makazi yale, waliteka mwanzo. Msichana waliyembandika jina la Mkia, kwa kuwa kwao ndiyo nyumba ya mwisho ufuoni, kila siku aliteka wa mwisho, maji yakiwa yamebaki tope.

"Leo naomba nitangulie," Mkia alisema. "Mdogo wangu anaharisha."

"Nyinyi mmekuja juzi tu," Kiranja alimjibu. "Sisi tumeikuta bahari hii ikiwa dimbwi."

Wenzake wakaangua kicheko. Mkia akarudi nyuma.

Mchana, Kiranja alimwonyesha bibi yake kile kipande. "Bibi, mwalimu anataka historia ya ufuo. Hii ni nguzo ya nyumba ya babu zetu, sivyo?"

Bibi aliendelea kuchambua mchele. "Babu zako hawakujenga kule. Walikuta watu, wakazichoma nyumba zao, wakachukua kisima. Waliosalia ndio kina Mkia."

"Mbona hamkusema?"

"Maji yalikuwa yanatutosha. Na wewe ufyate mdomo, mjukuu wangu."

Kesho yake darasani kiti cha Mkia kilikuwa kitupu. Mdogo wake alikuwa amelazwa zahanati. Kiranja alikitazama kile kiti, akasimama, akaweka kipande chake juu ya meza ya mwalimu na kueleza yote.

"Mtoto yule amekunywa tope kwa sababu ya uongo wa wakubwa," mwalimu alisema. "Aliyeuanzisha ameshakufa. Lakini kila anayeujua akanyamaza, ameufanya wake. Kuanzia kesho, anayewahi ndiye anayeteka kwanza."

Wiki iliyofuata, mgonjwa aliruhusiwa kurudi nyumbani, mifupa mitupu. Asubuhi yake Mkia aliwahi kisimani, akajaza ndoo maji safi, akampita Kiranja bila salamu.

Kiranja alikuwa wa pili. Binamu zake waliisukuma ndoo yake kwa miguu hadi nyuma ya zote. Zamu yake ilipofika, alivuta kamba. Likaja tope.